Deni la Umeme Linapogeuka Chumvi Visimani

Kila mifereji ya Mombasa inapokauka, lawama huenda kwa mvua. Mimi naona tuanze na bili ya umeme.

Tutazame maji yetu yanatoka wapi. Ya Mzima, kule Tsavo Magharibi, na ya Marere katika Shimba Hills huteremka yenyewe kutoka mlimani. Lakini ya Baricho, kando ya Mto Sabaki, na ya visima vya Tiwi ni lazima yavutwe kwa pampu. Pampu za Baricho zikizimika, wakazi wa Malindi, Kilifi na Mombasa hubaki na mitungi mitupu hata mto ukiwa umefurika.

Na zimewahi kuzimwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya madeni. Kampuni za maji za kaunti hununua maji kutoka kwa shirika la serikali kuu linalosimamia mitambo. Kampuni zikichelewa kulipa, shirika nalo hushindwa kulipa Kenya Power, na umeme hukatwa. Aliyelipa bili yake ya maji kwa wakati huadhibiwa pamoja na aliyekwepa.

Kinachofuata ndicho kinachonitia hofu. Asiye na uwezo hununua maji ya mkokoteni. Mwenye uwezo huchimba kisima chake. Chini ya ardhi ya Pwani, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Kwa hesabu ya wataalamu, kina cha maji matamu kikishuka mita 1, chumvi chini yake hupanda takriban mita 40. Ndugu zetu wa Lamu wanalijua hili. Matuta ya mchanga ya Shela ndiyo ghala la maji yao, na ndiyo sababu ujenzi juu yake umezua mvutano kwa miaka mingi.

Basi tufanyeje? Kwanza, sehemu ya kila bili tunayolipa itengwe kwa ajili ya umeme, isiguswe kwa mishahara wala safari. Pili, mabomba yanayovuja yazibwe, maana kila lita inayomwagika njiani imeshatumia umeme. Tatu, jua letu lisaidie kuendesha pampu mchana, ili bili ipungue. Nne, Mamlaka ya Rasilimali za Maji, inayotoa vibali vya visima kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya 2016, ihakikishe kila kisima kikubwa kina mita. Hoteli ziguswe, na misikiti yetu pia. Dini inatukataza israfu hata tunapotawadha mtoni.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya maji safi na ya kutosha. Basi wakija kutuomba maoni ya bajeti, tusiishie kuomba visima vipya. Tuwaulize deni la umeme limefika kiasi gani, na nani atalilipa, lini. Umeme ukikatwa hurudishwa siku deni linapolipwa. Kisima kikishaingia chumvi, huenda wajukuu wetu wasiyaonje tena maji yake matamu.