Uvimbe wa Shingoni Usidharauliwe
Mchuma chai wa Kwamkoro akitokewa na uvimbe shingoni usiouma, huenda akaukanda tu, akaendelea na kazi. Kumbe yaweza kuwa saratani iliyosambaa kutoka nyuma ya pua au shina la ulimi, mahali lisipofika jicho la mganga. Sayansi yaweza kumfichua adui huyo: mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi kidogo, saratani kwa uroho wake huifyonza, na picha huonyesha ilipojificha. Lakini mashine haipandi milima ya Usambara kumtafuta mgonjwa. Ni wajibu wetu, walimu na watumishi wa Serikali, kuhimiza kila uvimbe uliopita wiki tatu upimwe hospitalini Muheza. Na nauli ya kwenda hospitali ya rufani isiwe hukumu ya kifo. Vita dhidi ya maradhi havikutangazwa kwa ajili ya watu wa mjini peke yao.