Mkimbizi apewe nafasi sokoni

WAFANYABIASHARA wanaovuka mipaka ya Afrika Mashariki wanawafahamu wakimbizi kwa karibu kuliko wajumbe wengi wa mikutano. Ndio wanaowauzia dagaa, sabuni, vitenge na mafuta ya kula, na ndio wanaonunua kwao maharage, mboga na nguo zilizoshonwa kambini. Kwa hiyo mjadala wa haki za wakimbizi na waomba hifadhi unawahusu moja kwa moja.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, mapigano ya mashariki mwa Kongo yalipofika Goma na kisha Bukavu, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Burundi, wengine wakivuka Mto Rusizi. Miongoni mwao walikuwamo wachuuzi na wenye maduka waliokuwa wakipokea mzigo kutoka nchi jirani wiki chache tu kabla. Mtu aliyekuwa mteja wa jumla Jumatatu aligeuka mwomba hifadhi Ijumaa. Akili ya biashara alivuka nayo. Alichopoteza ni mtaji na ruhusa ya kutembea.

Sheria haijakaa kimya juu ya mtu huyu. Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unakataza kumrudisha mkimbizi kwa nguvu mahali ambapo maisha yake yamo hatarini. Unazungumzia pia haki yake ya kuajiriwa, kujiajiri, kulima na kufanya biashara. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inasema usafiri wa wakimbizi ndani ya Jumuiya utafuata mikataba ya kimataifa. Tatizo ni kwamba kila nchi imeyasoma maneno hayo kwa miwani yake.

Uganda, kupitia Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kufungua biashara na kutembea, na katika makazi kama Nakivale familia nyingi zimepewa kipande cha ardhi. Kenya ilipitisha sheria mpya mwaka 2021, na Machi 2025 ikazindua Mpango wa Shirika wenye lengo la kugeuza kambi za Kakuma na Dadaab kuwa makazi yanayowaunganisha wakimbizi na wenyeji.

Tanzania ina historia ya kujivunia. Mwaka 2014 wakimbizi zaidi ya 160,000 wenye asili ya Burundi, walioingia nchini kuanzia mwaka 1972, walikamilishiwa uraia. Wengi walikuwa wakulima wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliojilisha wenyewe kwa miaka mingi. Lakini kwa waliokuja baadaye mlango ulizidi kuwa mwembamba. Mwaka 2017 mradi wa kuwapa wakimbizi wa Nyarugusu fedha taslimu badala ya chakula ulisitishwa, na baadaye masoko ya pamoja, ambako wakimbizi na wanavijiji waliuziana, yakafungwa.

Hasara ya kufunga soko haikuishia kambini. Mkulima wa Kasulu au Kibondo aliyekuwa akishusha ndizi na mihogo pale alipoteza mteja wa karibu. Aliyetoa mali kauli hakuwa tena na mahali pa kumfuata mdeni wake. Biashara nayo haikufa, iliingia porini. Huko bei hupangwa na mwenye nguvu, na anayekamatwa hana risiti wala mtetezi.

Upande wa Kakuma unaonyesha soko lililo wazi linaweza kuzaa nini. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, uliotolewa mwaka 2018, ulikuta maduka na biashara zaidi ya 2,000 katika kambi hiyo na mji wake, na mzunguko wa takriban dola milioni 56 kwa mwaka. Utaratibu wa Bamba Chakula, ulioanza mwaka 2015, uliwawezesha wakimbizi kununua sehemu ya chakula chao kwa wauza maduka kupitia simu. Msaada uleule ukawa chakula kwa mmoja na mauzo kwa mwingine.

Serikali zina hofu zisizo za kupuuzwa. Silaha zimewahi kupenya mipakani, misitu iliyozunguka kambi imekatwa kwa ajili ya kuni, na vijana wa vijijini huuliza kwa nini mgeni apate kazi wakati wao hawana. Hata hivyo, soko lenye lango, daftari na siku maalumu ni rahisi kulilinda kuliko njia za panya mia moja. Na mwenyeji hupata nafuu pale kisima, zahanati na barabara vinapojengwa kwa ajili ya pande zote mbili.

Suala hili haliwezi kusubiri, kwa kuwa misaada inapungua. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao Kenya na Uganda kwa ukosefu wa fedha. Mtu aliyepunguziwa chakula na kunyimwa ruhusa ya kujitafutia amefungwa mikono na miguu.

Nchi wanachama zina mambo mawili ya kufanya. La kwanza, masoko ya pamoja yafunguliwe karibu na kambi, na vibali vya kutoka vitolewe haraka na bila malipo, ili visiwe mtego wa rushwa vizuizini. La pili, Jumuiya ieleze wazi jinsi mkimbizi mwenye hati halali atakavyonufaika na utaratibu wa biashara ndogo mpakani, ule wa cheti rahisi cha uasili kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Maharage yaliyolimwa Nakivale ni maharage ya Uganda, yawe yamelimwa na nani.

Wafanyabiashara nao wana deni. Wapo wanaonunua mgao wa mkimbizi kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto wake anaumwa. Wapo wanaoshikilia kadi yake ya chakula kama rehani, au kumtumikisha mwezi mzima kisha kumtishia polisi anapodai ujira. Faida ya namna hiyo ni dhuluma, na vyama vya wafanyabiashara visiifumbie macho. Vinaweza kuwapokea wakimbizi kuwa wanachama, kuwakopesha kwa dhamana ya kikundi na kuwaelekeza kwenye msaada wa kisheria wanapodhulumiwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ukanda huu hakuna anayejua zamu ya kesho ni ya nani. Miaka thelathini iliyopita kuna waliokuwa wenyeji ambao leo ni wageni, na waliokuwa wageni ambao leo wana maduka yao. Kipimo kitakachotumika kwa mkimbizi wa leo ndicho kitakachompokea mfanyabiashara siku mpaka wake utakapowaka moto.