Hatia Huanza Siku Gani?

Barua mbili zimetufikia kuhusu neno moja. Ya kwanza yatulaumu kwa kumwita Rais wa Marekani, Donald Trump, "mhalifu". Mwandishi wake ashikilia kwamba mtu ambaye rufaa yake haijaamuliwa hawezi kubandikwa jina hilo. Ya pili yatoka kwa mama ambaye vijana wake wawili walibishana juu ya habari hiyo hata chakula kikapoa mbele yao. Mkubwa asema Trump alipata hatia siku baraza lilipotamka. Mdogo asema ni siku jaji alipotoa adhabu. Mama auliza: nani mkweli?

Tuzitazame hizo siku. Tarehe 30 Mei 2024, raia 12 wa New York walioketi kama wazee wa baraza walimwona Trump ana hatia katika makosa 34 ya kughushi kumbukumbu za biashara. Msomaji asilinganishe baraza hilo na wazee wa baraza tuliowazoea katika mahakama zetu, ambao humshauri tu jaji. Kule neno lao juu ya hatia ndilo neno la mahakama. Siku ya adhabu ikapangwa, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, hata uchaguzi wa Novemba ukapita na mshitakiwa akaushinda. Ilikuwa tarehe 10 Januari 2025 ndipo Jaji Juan Merchan alipomwachilia pasipo sharti lolote: hakuna kifungo, hakuna faini, hakuna muda wa kuangaliwa. Siku kumi baadaye akaapishwa.

Kati ya siku hizo mbili ipo miezi zaidi ya saba, na mabishano yote yamo humo. Sheria ya New York ya mwenendo wa mashauri ya jinai yasema kwamba kutiwa hatiani ni pale mshitakiwa anapokiri kosa au baraza linapomwona ana hatia. Lakini hukumu, kwa maana kamili ya neno hilo, ni hatia pamoja na adhabu, nayo hukamilika adhabu inapotamkwa na kuandikwa. Basi tangu Mei 2024 Trump alikuwa mtu aliyetiwa hatiani kwa jinai. Hukumu yake ikatimia Januari 2025. Tangu hapo ndipo alipopata njia ya kukata rufaa kwa ukamilifu, naye ameikata. Rufaa huomba hatia iondolewe. Haiifanyi kuwa haijawahi kutamkwa.

Hapo twamjibu ndugu wa barua ya kwanza, ingawa hatumjibu kwa ushindi, kwani katika jambo moja ametushinda. Kiingereza cha Marekani kina neno moja la kumtaja mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa zito, yaani lile ambalo kifungo chake chaweza kuzidi mwaka mmoja. Ni cheo cha kisheria, kinachotolewa na mahakama na kuondolewa na mahakama. Kiswahili hakina neno hilo. "Mhalifu" ni yeyote atendaye uhalifu, hata kama hajakamatwa wala kujulikana. Lahusu tendo kuliko daftari la mahakama. Na wale waliomwita "mfungwa" wamekosea zaidi, maana hakulala gerezani hata usiku mmoja kwa kesi hii.

Mtu aweza kuona kwamba twapasua nywele. Na atazame yaliyompata Ted Stevens, seneta wa Alaska, aliyekaa katika Seneti tangu 1968. Tarehe 27 Oktoba 2008 baraza lilimtia hatiani kwa makosa saba ya kutotaja katika fomu zake zawadi alizopokea. Siku nane baadaye watu wa Alaska wakapiga kura, naye akashindwa kwa kura zisizofikia 4,000. Hakuwa amepewa adhabu bado. Kisha ikadhihirika kwamba waendesha mashtaka walikuwa wameficha ushahidi ambao ungemfaa katika utetezi wake, na Aprili 2009 Jaji Emmet Sullivan akaifuta kesi nzima. Jina likasafishwa, kiti kilikuwa kimekwenda. Mwaka uliofuata akafa katika ajali ya ndege. Je, waliomwita mwenye hatia siku ile ya kura walisema uongo? Hawakusema uongo. Walisema kweli ya siku nane, na kweli hiyo ikafutwa wasiweze kuzirudisha kura.

Malaysia iliishika kamba kwa ncha nyingine. Waziri Mkuu wa zamani Najib Razak alitiwa hatiani na Mahakama Kuu Julai 2020 na kuhukumiwa miaka 12 jela. Sheria ya huko humwachia mbunge kiti chake wakati rufaa yake ikisikilizwa, basi akaendelea kuwa mbunge kwa zaidi ya miaka miwili, nje kwa dhamana, akizunguka kuwapigia kampeni wenzake. Tarehe 23 Agosti 2022 mahakama ya juu kabisa ikaitupa rufaa yake, naye akaingia gerezani siku hiyo hiyo. Kenya nayo, katika ibara ya 99 ya Katiba yake, haimzuii mgombea mpaka njia zote za rufaa zimalizike. Katiba ya Tanzania, ibara ya 67, katika makosa ya utovu wa uaminifu huangalia hatia pamoja na adhabu ya kifungo.

Lakini linalotukera sisi ni Florida, anakoishi Trump mwenyewe. Mkazi wa Florida aliyetiwa hatiani katika mahakama za Florida kwa jinai hapigi kura mpaka amalize adhabu yake yote, na sheria ya mwaka 2019 ikaongeza kwamba alipe pia faini na gharama za mahakama alizoamriwa. Aliyetiwa hatiani katika jimbo jingine hupimwa kwa sheria ya jimbo hilo, na New York humnyima kura yule tu aliyemo gerezani. Hivyo Novemba 2024 Trump alipiga kura bila kizuizi, ilhali jirani yake aliyemaliza kifungo zamani lakini akawa na deni la mahakama alibaki nyumbani. Sheria ilifuatwa kwa wote wawili.

Tangu sasa, basi, ukurasa huu utaandika "aliyetiwa hatiani", na tarehe yake, na kwamba rufaa ipo. Mahakama ya rufaa ikiamua, tutaandika hilo kwa herufi zile zile. Na wewe mama, mwambie mkubwa kwamba ameshinda katika hatia, na mdogo kwamba ameshinda katika hukumu, kisha wakipashe moto chakula wenyewe.