Msituambie Tena Kwamba Sheria Inaruhusu



Juma lililopita baba mmoja wa hapa Nyasubi alifika ofisini kwetu akiwa na ombi aliloliona kuwa dogo. Alitaka cheti cha ubatizo cha binti yake. Kwa kuwa huu si wakati wa kuandikisha Kipaimara, tulimwuliza cheti ni cha nini, naye akajibu bila kuficha: posa imekuja, mwoaji ni kijana anayechimba dhahabu upande wa Mwime, wazee wamekwisha kukubaliana ng'ombe 12, na upande wa pili unataka kuona maandishi. Tukafungua Daftari la Ubatizo. Binti ana miaka 15 na miezi minne. Alimaliza darasa la saba, hakuendelea na masomo, yuko nyumbani akimsaidia mama yake kuuza vitumbua. Tulipomwambia baba huyo kwamba anayetaka kumwoza ni mtoto, hakukasirika. Alitutazama kama mtu anayemhurumia mgeni aliyepotea njia, akasema: "Baba Paroko, sheria inaruhusu. Kumi na tano, kwa ridhaa ya mzazi. Na mzazi ni mimi."

Tukiri kwanza kwamba baba huyo si mjinga. Amenukuu barabara. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 13, iliweka umri wa kuoa kwa mwanamume kuwa miaka 18 na umri wa kuolewa kwa mwanamke kuwa miaka 15, tena ikaipa mahakama uwezo wa kumruhusu hata wa miaka 14 kwa sababu maalumu. Kifungu cha 17 kikaongeza kwamba msichana asiyetimiza miaka 18 sharti apate ridhaa ya baba yake, na kama baba amefariki, ya mama. Tazameni basi: sheria hiyo ilijua fika kwamba huyu ni mtoto, ndiyo maana haikumwachia aamue mwenyewe. Kosa la baba yetu ni moja tu, nalo ni kubwa. Amenukuu sheria ambayo imekwisha kuhukumiwa.

Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa shirika la Msichana Initiative, akiwa na wakili Jebra Kambole, aliviburuta vifungu hivyo mbele ya Mahakama Kuu. Tarehe 8 Julai 2016 majaji watatu walitamka kwamba vinapingana na Katiba, wakampa Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Wala hawakuacha pengo la kujazwa baadaye kwa mashauriano: umri wenyewe waliutaja, miaka 18 kwa mvulana na kwa msichana. Serikali ikakata rufaa. Ilisema wasichana hupevuka mapema. Ilisema ndoa humsitiri binti aliyepata mimba. Ilisema sheria ilitungwa kwa kuheshimu mila na dini za watu. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, ambayo hakuna mahakama iliyo juu yake katika nchi yetu, iliitupilia mbali rufaa hiyo na kuithibitisha hukumu ya Mahakama Kuu.

Wapendwa, hapo ndipo tulipodhani neno limekwisha. Mwaka ukapita. Oktoba 2020 ikafika, vifungu viko vile vile kitabuni. Ikapita 2021, ikapita 2022. Hata mwaka 2023 unakwisha, kauli ilikuwa bado ni ile ile: Serikali inakusanya maoni ya wadau. Maoni gani hayo? Kabla ya sheria ya 1971 kutungwa, Serikali ilitoa waraka wake mwaka 1969, watu wakausoma na kuujadili nchi nzima. Mahakama Kuu ikasikiliza pande zote mbili. Mahakama ya Rufani ikasikiliza tena. Mtu akishashindwa kesi ya shamba katika mahakama ya mwisho, je, huruhusiwa kubaki shambani akivuna mpunga huku akikusanya maoni ya majirani kuhusu hukumu?

Tena tuwaombe mlinganishe. Juma moja tu kabla ya hukumu hiyo, yaani tarehe 16 Oktoba 2019, Mahakama hiyo hiyo ya Rufani ilitoa hukumu nyingine katika shauri lililofunguliwa na Bob Chacha Wangwe, kuhusu wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi. Mahakama Kuu ilikuwa imesema mwezi Mei kwamba utaratibu huo unapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikatengua. Serikali ilishinda, na katika uchaguzi wa Oktoba 2020 wakurugenzi walisimamia. Tarehe 5 Agosti 2020 ikaja ya tatu, ya Dickson Sanga, kuhusu makosa yasiyo na dhamana. Mahakama Kuu ilikuwa imekibatilisha kifungu kinachozuia dhamana; Mahakama ya Rufani ikakirudishia uhai, na mahabusu waliokuwa wameanza kuhesabu siku za kutoka wakabaki walipo. Hatuandiki haya ili kubishana na majaji juu ya hukumu hizo mbili. Wanasheria wamebishana vya kutosha. Tunauliza jambo jepesi zaidi. Ni nani aliyesikia Serikali ikisema kwamba kabla ya kuitii hukumu ya dhamana, au ile ya wakurugenzi, itazunguka kwanza mikoani kukusanya maoni ya wadau? Hukumu iliyoipendeza ilitiiwa siku ile ile. Hukumu ya mabinti ikawekwa kwenye foleni.

Sasa tufike kwenye kiini, maana juu yake ndipo tunapotofautiana hata na baadhi ya marafiki zetu wanaoitetea haki ya mtoto wa kike. Wao husema: tusubiri Bunge, maana bila Bunge hukumu hii ni karatasi. Sisi tunasema la hasha! Someni Ibara ya 30 ya Katiba yetu, ibara ndogo ya 5. Inairuhusu mahakama, badala ya kuifuta sheria mbovu papo hapo, kuipa Serikali muda wa kuirekebisha. Na inasema sheria hiyo itahesabiwa kuwa halali hadi irekebishwe au muda uliowekwa uishe, lolote litakalotangulia. Muda uishe! Hata tukiihesabia Serikali kwa ukarimu wote, tukaanza kuhesabu mwaka wake siku ile rufaa ilipotupwa na si siku ile ya Julai 2016, muda huo ulikwisha Oktoba 2020. Kwa hiyo, kwa kadiri tunavyoisoma Katiba, ruhusa ya miaka 15 haikuhitaji Bunge ili ife. Ilikufa yenyewe kalenda ilipogeuka. Kazi iliyobaki kwa Bunge ilikuwa kuondoa maiti ndani ya nyumba, na kuchelewa kuzika hakumrudishii marehemu pumzi.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ya kinachoning'inia juu yake. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilisema wazi kwamba mwanamume anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 amebaka, hata kama msichana amekubali, isipokuwa kama ni mkewe mwenye miaka 15 au zaidi na hawajatengana. Elewani uzito wa "isipokuwa" hiyo. Kitendo kile kile, kwa binti yule yule, usiku ule ule, ni kifungo cha miaka 30 au ni unyumba halali, na kinachoamua ni kama ng'ombe wamevuka boma. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu nayo ilirekebishwa, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa atakayemwoa mwanafunzi. Jambo jema. Lakini huyu wetu wa vitumbua si mwanafunzi. Aliyeikosa shule akakosa na ngao ya shule. Basi kama ruhusa ya ndoa ya miaka 15 imekufa, "isipokuwa" ile nayo imebaki bila mguu wa kusimamia. Na kijana wa Mwime, ambaye huenda ni mtu mwema na mchapakazi, anasukumwa na wazee kuingia mahali ambapo akiulizwa na hakimu hatakuwa na jibu.

Kwa nini tunayasema haya Kahama, na si Dar es Salaam kwenye wasomi? Kwa sababu takwimu za utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ziliutaja mkoa wetu wa Shinyanga kuwa wa kwanza nchini: kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Wastani wa taifa ulikuwa 37. Ndiyo, mipaka ya mkoa imebadilika tangu hapo, na wastani wa taifa ulishuka hadi 31 katika utafiti wa 2015-16. Lakini sisi tunaokaa huku hatuhitaji utafiti. Tunawaona Dominika wakiwa wamebeba watoto mgongoni, nao wenyewe bado wanapanda mti wa mwembe wa parokia.

Wako wanaotuambia kwamba 18 ni namba ya Wazungu, iliyoletwa na mashirika yenye magari meupe. Tunawajibu kwa upole: kwa mwana wenu wa kiume namba hiyo imo katika sheria ya Tanzania tangu 1971, na hatujamsikia mzee hata mmoja wa Kisukuma, Kinyamwezi au Kisumbwa akilalamika kwamba ni ya kigeni. Ilikuwa yetu kwa mvulana. Imekuwa ya kigeni ilipomfikia dada yake.

Na wako wanaotaja aibu ya mimba ya nyumbani. Hoja hii tunaiheshimu zaidi, maana tumewaona mama waliolia kwa ajili yake. Lakini hebu tuulize: ndoa hiyo inamsitiri nani? Binti anabaki na mimba ile ile, uchungu ule ule, na nyonga zile zile ambazo hazijakomaa. Anayesitirika ni aliyempa mimba.

Tukinyoosha kidole, haki yadai tujinyooshee na sisi. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1983, katika kanuni ya 1083, uliweka kizuizi cha umri kuwa miaka 16 kwa mvulana na 14 kwa msichana. Kumi na nne! Na hali kanuni ya 97 ya Mkusanyo huo huo humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa hajafikia utu uzima. Yapo mabaraza ya maaskofu yaliyopewa ruhusa ya kuupandisha umri huo, na kanuni ya 1072 inawaagiza wachungaji wawazuie vijana wasifunge ndoa kabla ya umri uliozoeleka katika nchi yao. Uliozoeleka! Kwetu kilichozoeleka ndicho kinachotuliza. Hatuwezi kuitaka Serikali iharakishe huku sisi wenye kola nyeupe tukijificha nyuma ya kanuni au, vibaya zaidi, nyuma ya ukimya: padri anapewa mwaliko wa sherehe, anabariki chakula, anakula pilau, anaondoka, naye anajua bibi harusi alikuwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza jana tu. Tumefanya hivyo. Tunaandika "tumefanya" bila kulazimishwa na mtu.

Kuna jambo lililo mikononi mwetu hata hivyo. Mahakama ya Rufani, ambayo huja pia kukaa Shinyanga kusikiliza rufaa za jinai, imesema katika hukumu zake zaidi ya moja kwamba katika shauri la kubakwa mtoto umri hauwezi kudhaniwa. Sharti uthibitishwe, kwa kinywa cha mtoto mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari, au kwa cheti. Wako waliofunguliwa milango ya gereza kwa sababu hakuna aliyesimama kuutaja umri huo. Baba aliyepokea ng'ombe hawezi kutegemewa autaje. Daktari atakadiria. Lakini Daftari la Ubatizo liliandikwa wakati mtoto hajawa mali ya kujadiliwa, mbele ya msimamizi, na tarehe yake haikujua kwamba siku moja itauliziwa bei. Kwa hiyo makatekista wote wa vigango wajue: daftari halifutwi, halirekebishwi kwa soda wala kwa mbuzi, na Ofisa Ustawi wa Jamii au polisi wa dawati la jinsia na watoto akija kuuliza, anaonyeshwa.

Mtatuuliza tulimfanyia nini baba yule. Cheti ni haki ya aliyebatizwa, hatukuwa na mamlaka ya kukizuia. Tulimwandikia. Tarehe ya kuzaliwa tuliiandika mara mbili, kwa namba na kwa maneno, na chini yake tukaongeza umri wa binti siku hiyo, miaka 15 na miezi minne, tukapiga muhuri juu ya maneno hayo. Tukamweleza kwamba wazee wakishaisoma karatasi hiyo hakuna kati yao atakayeweza kusema baadaye kwamba hakujua, na kwamba sisi nakala tunayo, na Ustawi wa Jamii wataipata Jumatatu. Aliikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akatuaga kwa heshima. Jumatatu tuliipeleka. Yeye hajarudi bado, na binti Dominika hii hatukumwona kwenye Misa ya pili.