Maharage ya Jumatatu

Mama mmoja anayeishi katika kota za polisi ameniandikia kwamba mwanawe amepata nafasi ya kusoma nje ya nchi, naye angependa kujua kijana huyo atakula nini, na mwisho wa juma atakuwa akizurura wapi. Barua hiyo nimeipokea kwa furaha. Mimi nami, baada ya kufundisha shule ya msingi kwa miaka kadhaa na kisha kuhamishiwa ofisini, nilipewa ruhusa ya masomo nikaenda Mbarara, kusini-magharibi ya Uganda. Habari za darasani nitaziacha. Nitasimulia za jikoni, na za Jumamosi moja ya mwaka 2022.

Wazee wetu waliopigana vita vya Kagera wanaukumbuka Mbarara kuwa ni mji wa magofu, baada ya majeshi ya Tanzania kuuingia Februari 1979. Leo hawangeutambua. Tangu Julai 2020 umepewa hadhi ya jiji. Wanafunzi wamejaa, kwa ajili ya chuo kikuu kilichoanzishwa hapo mwaka 1989 na vyuo vingine vingi. Na maziwa hayana shida, kwani hiyo ndiyo nchi ya Wanyankole na ng'ombe wao wenye pembe ndefu. Mgeni hana budi kujifunza maneno upya. Daladala huko huitwa taksi. Ugali huitwa posho! Kwenu ninyi askari, posho ni kile mnachopimiwa ghalani au mnacholipwa safarini. Kwa Waganda ni chakula kilichomo sahanini. Siku ya kwanza nilicheka sana.

Nilipanga chumba uani kwa mzee mmoja, na jirani yangu alikuwa binti Mkongo aliyesomea uuguzi. Karo yake ililipwa na wafadhili, lakini chumba na chakula vilikuwa juu yake. Tukakubaliana kupika pamoja: mimi ninunue mkaa, mafuta na ndizi, yeye alete unga wa mahindi na maharage. Jumatatu ilikuwa siku ya kuinjika chungu kikubwa cha kutufikisha Jumatano. Nami, bila haya, nilizoea kumtania: "Leo tena maharage, mdogo wangu?" Mara mbili au tatu yalichacha nikayamwaga. Sikuwahi kuuliza yalikotoka. Alisema tu, "Kwa mama."

Jumamosi zangu nilizitumia kufua, na fedha ikiwapo, kutembea. Nilikwenda Biharwe kuitazama makumbusho ya Igongo, na siku moja nikawaona pundamilia wa Ziwa Mburo. Yeye, kila baada ya majuma mawili, alikwenda nyumbani. Mimi niliyewaacha watoto wangu mbali nilimwonea wivu, hata nikamwomba anichukue.

Taksi ilishika barabara ya Isingiro, ile iendayo hadi Kikagati kwenye mto Kagera. Ng'ambo ya mto huo ni Tanzania, na moyo wangu ulitaka kuendelea nayo. Lakini tuliiacha lami tukaingia katika vumbi, vilima vya nyasi na miiba, mpaka Ziwa Nakivale likaonekana, na baada yake nyumba za udongo zilizotapakaa mabondeni. Hapo ndipo "nyumbani".

Nakivale ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda. Tangu hapo haikupata kufungwa. Kila vita vya jirani vimeiletea watu wake. Wakongo ndio wengi, wakifuatwa na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi na kusafiri, na makazini hupewa kiwanja na kipande cha kulima. Sokoni Base Camp nilimsikia Msomali na Mkongo wakigombania bei ya kitenge kwa Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi yake, wakaelewana vizuri kuliko mimi nilivyoelewana na mwenye nyumba wangu.

Mama wa binti alinipokea kwa mikono miwili. Tulipakuliwa ugali na samaki wadogo. Yeye na watoto wake watatu hawakuketi kula. Nilipomwuliza alijibu, "Siye huku tunakulaka kidogo tu, dada. Ye iko na masomo." Jioni aliingia chumbani akatoka na mfuko wa kitambaa cha kitenge chekundu, akaanza kupima maharage kwa kopo: moja, mbili, tatu. Wadogo wa binti walisimama mlangoni wakihesabu pamoja naye, kimya.

Mfuko ule niliufahamu. Niliufungua kila Jumatatu.

Maharage yale yalikuwa ya mgao. Shirika la Chakula Duniani lililazimika kuupunguza kwa asilimia 30 Aprili 2020 kwa uhaba wa fedha, likaupunguza tena Februari 2021, na kipande cha shamba kisipopata mvua hakiwezi kuziba pengo hilo. Tulikuwa tukila posho kwa maana zote mbili.

Njiani kurudi binti alipakata mfuko. Nilimwuliza kwa nini asiukatae. Alisema alikwisha kuukataa mara moja, mwaka wa kwanza, na mama akalia siku nzima akidhani ameamua kuacha chuo. "Mama hajui kwamba najua wanakula mara moja," akaniambia, kisha akageukia dirisha.

Kwa hiyo, mama wa kota, ukimwuliza mwanao amekula nini, muulize pia amekula cha nani.

Jumatatu tulipika nusu ya kawaida, na unga nikanunua mimi. Kumrudishia mama chakula chake ingekuwa kumvunjia heshima. Nikafikiri nimepata njia. Binti alipokwenda tena, nilitia ndani ya mfuko ule sabuni, chumvi na kilo ya sukari, nikasema ni zawadi ya mgeni.

Jumapili jioni alirudi na salamu nyingi za mama yake. Mfuko ulikuwa umejaa maharage kuliko mara ya kwanza.