Njia za Miguu za Masasi na Newala Zilindwe

Barabara ya lami ya Mtwara, Newala hadi Masasi, yenye urefu wa kilometa 210, ni jambo ambalo wananchi wa Kusini walililia kwa miaka mingi. Tunaiunga mkono kwa dhati. Hata hivyo, ipo hatari isiyozungumzwa vya kutosha: magari yakipata njia bora, waendao kwa miguu na kwa baiskeli wasije wakapoteza yao.

Watu wengi wa Uwanda wa Makonde hawana gari. Korosho hutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi kwa baiskeli, kwa pikipiki au kichwani. Kabla ya maji ya bomba kufikishwa juu, kina mama waliteremka kwenye chemchemi za mabondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani. Nyayo zao ndizo zilizofungua vijia vingi tunavyovitumia.

Njia hizi zina historia. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere na watu waliokombolewa utumwani walitembea kutoka Lindi hadi Masasi. Masasi iliposhambuliwa mwaka 1882, misheni yao ilihamia Newala. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani, alizunguka Masasi na Newala pamoja na wapagazi wake.

Lakini njia isiyo kwenye ramani haina mtetezi. Mkorosho ukipandwa katikati yake, au kiwanja kikipimwa juu yake, nani atasimama kudai? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri kuziorodhesha njia zote za miguu za umma. Kwetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imevipa vijiji mamlaka juu ya ardhi yao. Kinachotakiwa ni kuitumia.

Tunazishauri halmashauri za Masasi na Newala zikae na vijiji, ziwasikilize wazee wanaozijua njia hizo, kisha ziziingize katika mipango ya matumizi ya ardhi. Kutokana na hizo ichaguliwe njia moja ndefu, kuanzia chini ya milima ya mawe ya Masasi hadi Shimo la Mungu, Newala, ambako mtazamaji huliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yake. Rwanda imefanya hivyo kando ya Ziwa Kivu: njia ya kilometa 227, kutoka Rubavu hadi Rusizi, hupitwa na watembeao na waendesha baiskeli kutoka nchi mbalimbali.

Wapo watakaosema kwamba maji, dawa na madawati vitangulie wageni. Tunakubaliana nao. Ndiyo maana hatuombi majumba ya kifahari wala fedha nyingi. Tunaomba vibao, vivuko imara na amri ya kijiji ya kutoziba njia. Atakayefaidi kwanza ni mtoto aendaye shule na mkulima mwenye gunia lake. Mgeni atafuata, na akilala kijijini na kula chakula cha kijijini, fedha yake ibaki hapo hapo.

Wazee wanaoijua kila njia kwa jina wanazidi kupungua. Kazi hii ianze wangali nasi.