MLANGO WA MAHAKAMA USIUZWE PAMOJA NA MAZAO

Mkulima wa Kwakoa, katika nchi ya Upare, auzapo mazao yake kwa mkataba, huangalia bei, akatia sahihi, akarudi shambani. Ni mara chache husomewa kile kifungu cha mwisho kisemacho kwamba ugomvi wowote utaamuliwa na msuluhishi, na kwamba msuluhishi atakaa mji fulani wa mbali. Siku fedha zisipolipwa, mkulima hukimbilia mahakamani. Mnunuzi naye huja na karatasi ile ile, akaomba kesi isimamishwe. Ndipo mkulima atambuapo kwamba pamoja na mazao aliuza mlango wa mahakama!

Hatusemi kwamba usuluhishi ni mbaya. Wazee wetu waliamua magomvi barazani kabla ya kuletewa majoho ya mawakili. Lakini msuluhishi wa biashara hana askari wala dalali. Tuzo yake isipotiiwa, lazima ipelekwe mahakamani ipewe nguvu. Basi ni haki ya kila mwananchi kuuliza: mahakama ipi?

Sheria ya mwaka 1931, iliyotungwa wakati wa utawala wa Kiingereza, iligusa tu migogoro ambayo Mahakama Kuu peke yake ingeweza kuisikiliza. Ilikuwa sheria ya wenye makampuni, wala si ya mwenye magunia kumi. Ilidumu mpaka ilipofutwa na Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika Januari 2021. Kwa sheria hii mpya, msuluhishi aweza kuamua mwenyewe kama ana mamlaka. Nayo mahakama haianzi kesi upya, bali husimamisha shauri lililokiuka mapatano, hutengua tuzo yenye kasoro kubwa, na huipa nguvu tuzo iliyo halali.

Taifa zima limekwisha onja jambo hili. Mkataba wa maji wa Dar es Salaam uliotiwa sahihi mwaka 2003 na City Water ulivunjwa mwaka 2005. Shauri likafikishwa kwenye kituo cha usuluhishi kilicho chini ya Benki ya Dunia. Mwaka 2008 iliamuliwa kwamba Serikali ilikiuka mapatano, lakini haikutozwa fidia. Mwaka 2017 Bunge likatunga sheria kwamba migogoro juu ya utajiri wa asili wa nchi isipelekwe katika mahakama za kigeni, bali iamuliwe na vyombo vya humu nchini.

Sasa twauliza: ikiwa Taifa lenye mawakili wake liliona shida ya kuhukumiwa mbali, mkulima wa Kwakoa asiye na nauli ya kufika huko ataonaje?

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Mikataba ya mazao na ya kazi iandikwe kwa Kiswahili, na kifungu cha usuluhishi kisomwe kwa sauti kabla ya sahihi. Mahali pa usuluhishi pawe karibu na mwenye jasho: Same, Mwanga, au Moshi. Na kila tawi la Chama liwafundishe wanachama kuuliza swali moja kabla ya kushika kalamu: tukigombana, tutaamuliwa wapi?

Haki iliyo mbali na mwenyewe ni nusu ya dhuluma.